Lamu au Gedi? Somo la Kuchagua Safari ya Chama

Katika mkutano wetu wa mwisho muhula uliopita kulizuka mabishano makali, hata mwalimu mlezi akayakatiza kwa kusema kwamba mwenye hoja aiandike, maana kelele haichapishwi. Basi nami nimeshika kalamu. Suala lenyewe ni safari ya mwakani. Fedha za chama zinatosha kusaidia safari moja tu, na wanachama wamependekeza mahali pawili: kisiwa cha Lamu, ambako tutalala siku mbili, au mji wa kale wa Gedi wenye kasri, ambako tutaenda alfajiri na kurudi jioni. Mshika mbili moja humponyoka, kwa hivyo ni lazima tushike moja. Kura itapigwa katika mkutano wa kwanza wa muhula ujao.

Nimeliita hili somo kwa sababu naona wengi wetu tunachagua safari kama mtu anayechagua shati sokoni. Lenye rangi ya kupendeza ndilo linaloondoka. Lakini safari ya chama ina maswali yake, na hayo ndiyo ningependa tuyapitie pamoja, polepole.

Tuanze na maneno, maana Chama cha Kiswahili kisipojali maneno kitajali nini? Katika mabishano yale niliwasikia wengine wakisema "ngome ya Gedi" na wengine "ikulu ya Gedi". Yote mawili hayafai. Ngome ni jengo la kujikingia vita, lenye kuta nene, kama Fort Jesus ya Mombasa ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, au ile ya Lamu iliyomalizika mwaka 1821. Ikulu ni neno lililotoka bara, kwa Wanyamwezi, nalo leo hutumika kwa makao ya rais. Kasri tumelipata kwa Waarabu, na maana yake ni jumba kubwa la mfalme au sultani. Watu wa Lamu na Pate walikuwa na neno lao pia, yumbe, yaani jumba la utawala ambamo wakubwa wa mji walikutana kuamua mambo. Basi lile la Gedi ni kasri. Lakini ni kasri lililobomoka, na hapo tunahitaji maneno mengine mawili. Gofu ni jengo lililobaki kuta bila paa. Mahame ni mahali ambapo watu wamehama wakapaacha. Gofu laweza kuwa katikati ya mji wenye watu na maduka, lakini mahame ni mji mzima uliokimbiwa. Gedi ni mahame. Liandike neno hilo katika insha yako uone kama mtahini hatatabasamu.

Sasa Lamu. Sitaisema vibaya, kwa sababu haisemeki vibaya. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na sifa yake kubwa ni kwamba bado unaishi. Watu wanalala katika nyumba walizolala mababu zao. Vichochoro ni vyembamba, mizigo inabebwa na punda, na gari halina pa kupita. Ukiingia nyumba ya kale ya mawe unaanzia dakani, pale mlangoni penye baraza za mawe, ambapo mwenye nyumba hukaa na wageni wake. Kisha unapita tekani, ukumbi mdogo uliopinda makusudi ili mpita njia asichungulie ndani. Kisha kiwanda, ambacho si kile cha saruji au cha sukari, bali ni uwanja ulio wazi katikati ya nyumba. Kisha misana, vyumba virefu vyembamba, na mwisho kabisa ndani, chumba cha wenyewe, ambacho ukuta wake umejaa zidaka, vile vishubaka vilivyopambwa kwa chokaa.

Je, kwa nini vyumba vile ni vyembamba hivyo? Si kwa kukosa uwanja. Dari hushikiliwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haibebi dari iliyo pana kupita mita tatu hivi. Kwa hivyo mti wa pwani ndio uliompimia tajiri upana wa chumba chake. Mimi hilo lilinifurahisha sana niliposoma, na kuliona kwa macho lingekuwa jambo kubwa.

Tena kuna lugha. Kiamu ni lahaja hai, si kitu cha vitabuni. Kule mtu husema ndia badala ya njia, nti badala ya nchi, mato badala ya macho, kitwa badala ya kichwa, tini badala ya chini na yeo badala ya leo. Mnajua vizuri jinsi tunavyohangaika katika shairi la kale, tukidhani mshairi amekosea au ametumia uhuru wake, kumbe alikuwa akisema kama mama yake. Siku mbili za kuwasikia wazee barazani zingetufaa kuliko madokezo tuliyonakili ubaoni. Hoja hii ya wenzetu wa Lamu ni nzito. Sina jibu la kuivunja.

Lakini nataka tuwe wakweli. Waliopiga makofi kwa sauti zaidi hawakuwa wakishangilia Kiamu. Walikuwa wakizungumza juu ya ufuo wa Shela, kuogelea na kupanda dau. Hiyo ni likizo, na likizo si dhambi, ila mtu asiivishe kanzu ya masomo.

Halafu kuna hesabu. Kutoka hapa Mariakani hadi Lamu ni safari ya kutwa nzima: Kaloleni, Kilifi, Malindi, Garsen, Witu hadi Mokowe, na hapo unashuka uingie mashua. Tutahitaji malazi, chakula cha siku mbili na nauli ya majini. Katibu wetu alipiga hesabu akapata shilingi 6,800 kwa kila mwanachama baada ya chama kutoa msaada wake. Gedi ni shilingi 900, pamoja na chakula cha mchana. Mwenyekiti alipowaomba wanaoweza kulipa 6,800 wainue mikono, nilihesabu mikono 13. Sisi ni 41.

Jamani, sisi ni shule ya kutwa. Tulio wengi tunakuja kwa miguu, na karo yenyewe inalipwa vipandevipande. Tena si pesa tu. Wasichana kadhaa waliniambia wazi kwamba baba hatakubali walale nje, hata kama mwalimu wa kike atakuwepo. Na wazazi wengine hawajasahau mashambulizi ya Mpeketoni ya mwaka 2014. Barabara ya Garsen hadi Lamu imetiwa lami, lakini hofu ya mzazi haiondolewi na lami.

Mwenzetu mmoja alijibu kwamba asiyeweza abaki, ndivyo maisha yalivyo. Mimi namuuliza swali moja: zile fedha za chama zilitoka wapi? Zilitoka katika ada ya kila mwanachama, na katika maandazi tuliyouza siku ya michezo. Walioamka saa kumi usiku kukanda unga ni haohao ambao mikono yao haikuinuka. Kwa hivyo tukienda Lamu, watu 28 watakuwa wamewalipia wenzao 13 nauli, kisha wabaki hapa kungoja kusimuliwa. Nadhani hata anayetaka Lamu kwa moyo wote hawezi kuliona hilo ni sawa.

Lakini ngojeni kwanza. Singependa mtu aichague Gedi ati kwa sababu ni rahisi, kama mtu anayekula ugali mkavu kwa kukosa mchuzi. Gedi ina utajiri wake, na nafikiri hatuujui kwa sababu tuko karibu nayo mno. Basi la Malindi hupita pale pale njia panda ya Gede, utingo anaita, watu wanashuka na magunia yao, wala hakuna anayegeuza shingo kutazama msitu ule.

Mji wenyewe uko kilomita 16 hivi kusini ya Malindi, na kilomita kama 6 kutoka baharini. Hilo tu ni fumbo. Miji mingi ya Waswahili ilijengwa ufuoni, dau liweze kufika mlangoni. Huu ulijificha msituni. Wareno waliofika Malindi mwaka 1498 na Vasco da Gama, na baadaye wakakaa pale miaka mingi, hawajulikani kuutaja mji huu katika maandishi yao, ingawa ulikuwa na watu na ulikuwa karibu nao kiasi cha kwenda kwa miguu kwa siku moja. Je, hawakuujua? Ama waliujua kwa jina jingine? Wanahistoria wangali wanajadiliana.

Sir John Kirk aliyatembelea magofu hayo mwaka 1884. Mwaka 1927 yakatangazwa kuwa kumbukumbu ya kihistoria, na kuanzia 1948 hadi 1958 mtaalamu James Kirkman aliyachimba na kuyasafisha. Mwaka 2024 UNESCO nayo ikaiingiza Gedi katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa hivyo wale waliosema kwamba Lamu ni ya dunia na Gedi ni ya Wagiriama, habari hiyo iwafikie.

Ukiingia, kasri liko ndani ya ukuta wa ndani, maana mji ulikuwa na kuta mbili. Lango lake lina tao lililochongoka juu. Ukipita unakuta uwanja ambapo mtawala alipokea watu waliokuja na mashtaka au salamu zao, na nyuma yake viwanja vingine na vyumba vya watu wa nyumbani. Kuna chumba cha kuwekea mali ambacho hakikuwa na mlango kama vyumba vingine. Mtu alipanda, akaingilia tundu la juu. Kuna visima. Kuna vyoo, tena vilivyojengwa vizuri, miaka mamia kabla ya watu wengine kujisifu kwa ustaarabu. Karibu na kasri ni msikiti mkuu, ambao kibla chake kinaelekea kaskazini kwa sababu Maka iko kaskazini ya kwetu. Juu ya mlango wake mmoja kumechongwa ncha ya mkuki. Mkuki katika msikiti! Mimi sijui ishara nyingine inayoonyesha wazi zaidi kwamba waliojenga mji ule walikuwa Waafrika walioupokea Uislamu, wala si wageni waliokuja na mji wao mfukoni. Kuna pia kaburi lenye tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijria, ambao ni mwaka 1399 kwa hesabu ya Kizungu.

Kinachonivutia zaidi ni nyumba. Wachimbaji hawakuyajua majina ya wenyewe, kwa hiyo wakaziita kwa vitu walivyovikuta ndani. Ipo Nyumba ya Makasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sarafu za Kichina, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe za Ndovu na Nyumba ya Ushanga wa Venice. Hebu fikiria. Mtu aliishi, akaoa, akazaa, akafanya biashara iliyomletea sarafu kutoka Uchina, na leo anaitwa kwa jina la makasi aliyoyasahau. Kama nyumba yako ingechimbwa baada ya miaka 500, ingeitwaje? Yetu nafikiri ingeitwa Nyumba ya Jerikeni.

Na maskini je? Walikuwepo. Waliishi kati ya ukuta wa ndani na ukuta wa nje, katika nyumba za udongo na makuti, na za hao hazikusimama. Mvua ilizichukua. Magofu hukumbuka matajiri. Mwalimu wa historia akituuliza maisha ya watu wa kawaida yalikuwaje, tutalazimika kutazama ardhi tupu na kufikiri, na kufikiri huko ndiko masomo.

Sasa kwa nini watu walihama? Mwanzoni mwa karne ya 17 mji ulikuwa umeachwa. Wengine wanataja Wazimba, waliopita pwani hii wakiteketeza miji mwaka 1589. Wengine wanasema mtawala wa Malindi alipohamia Mombasa pamoja na Wareno, nguvu ya upande huu ilikwisha. Wengine wanataja Waoromo waliokuwa wakisukuma kutoka kaskazini, na jina Gedi lenyewe yasemekana ni la Kioromo, maana yake kitu cha thamani. Na wengine wanaonyesha kisima cha msikiti mkuu, ambacho kilichimbwa tena kikaongezwa kina, wakisema maji yalikuwa yakishuka. Mimi nashikilia maji. Sisi watoto wa Mariakani tunajua mtungi mtupu unavyoweza kumhamisha mtu, hata bila vita. Lakini mwenye maoni tofauti ana haki yake, na angesimama pale kando ya kisima anijibu.

Kuna pingamizi moja ambalo nimelisikia mara nyingi: Gedi hakuna anayesema, ni mawe tu, na Chama cha Kiswahili kinataka Kiswahili. Hapo nina majibu mawili. La kwanza, mshairi Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyetunga Al-Inkishafi, alitoka visiwa vile vile vya Lamu, na alichokitazama wakati akitunga ni majumba ya Pate yaliyokwisha, yaliyobaki kwa popo na buibui. Shairi kubwa kuliko mengi ya Kiswahili cha kale lilitokana na mahame. Mawe hayo yalisema naye. Anayetaka kulielewa shairi lile bila kusimama katika ukumbi usio na paa atakariri maneno tu. La pili, vyumba vya Gedi vina mpango unaofanana na ule wa nyumba za Lamu: uwanja mbele, chumba kirefu, vyumba vya ndani nyuma. Kwa hivyo tutabeba maneno ya Lamu na kuyapeleka Gedi. Tukifika katika Nyumba ya Makasi kila mmoja aseme: daka liko wapi, kiwanda ni kipi, huu ni msana au ni ndani? Kule Lamu mwenyeji angetuambia. Hapa itabidi tubishane, na sisi kubishana tunaweza, kama mkutano ule ulivyoonyesha.

Tena si kweli kwamba hakuna watu. Kuna waelekezaji, kuna jumba la makumbusho lenye vyombo vilivyochimbwa, na wanavijiji jirani wana mradi wa kufuga vipepeo ulioanza mwaka 1993, ambao huwapa pato bila kukata miti ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Na kuna wazee wa Kigiriama ambao huuheshimu ule msitu kama mahali pa mizimu. Nyanya yangu huniambia ukiingia mahali kama pale usipige kelele wala usichukue hata kigae. Nasi tukienda tufuate hivyo, mtu asije akajitia kuandika jina lake ukutani. Kima watakuwepo pia, na hao hawana heshima kwa mkate wa mtu, kwa hiyo vyakula vibaki ndani ya basi.

Kwa Lamu sijakata tamaa. Wale 13 wanaweza kuanza kuweka akiba, nasi wengine tuanze nao kidogo kidogo, shilingi 50 kwa wiki kwa anayeweza, ili darasa litakalotufuata lifike kisiwani pamoja na kila mwanachama. Mweka hazina aliniambia anaweza kufungua daftari la pili kwa ajili hiyo. Kwa mwakani, kura yangu ni Gedi.

Sasa zoezi, kwa kuwa hili ni somo. Eleza tofauti kati ya gofu na mahame, na utoe mfano mmoja wa kila kimoja katika pwani ya Kenya. Chora ramani ya nyumba ya mawe ya Lamu uonyeshe daka, tekani, kiwanda, msana na ndani. Andika aya moja kwa Kiswahili sanifu na uitafutie maneno matano ya Kiamu. Ubishane na mimi kuhusu maji: ni sababu gani nyingine iliyowahamisha watu wa Gedi, na ushahidi wake ni upi? Majibu yapelekwe kwa katibu kabla ya siku ya kura. Na yule aliyesema asiyeweza abaki, namwomba ajibu swali la nne kwa maandishi, kwa sababu kwa mdomo najua atanishinda.